Fomu Nilizotia Tiki Asubuhi

Mimi ni mkunga mwenye hasira za karibu. Naanza na hilo ili wanaonijua wasije wakasema nimejipamba. Kwa miaka kumi na saba nimezalisha akina mama katika hospitali ndogo ya uzazi kati ya mitaa ya Umoja na Mowlem, na miaka yote hiyo nimewaambia wasukume, wanyamaze, wanywe uji, waache kunivuta nguo. Wengi wananikumbuka kwa kufokewa. Lakini kosa langu kubwa kuliko yote nililifanya nikiwa kimya, nimeketi, nakunywa chai.

Wakati huo kulikuwa na jambo lililonichoma roho. Mama anajifungua leo, na kabla mwaka haujageuka amerudi na tumbo lingine, damu imemwishia mwilini, mtoto wa juzi bado yuko mgongoni. Mmoja alitokwa na damu mikononi mwangu hadi nikasikia meno yangu yakigongana. Alipona, lakini wiki nzima nilikuwa na hasira na kila mtu, na zaidi na akina mama wenyewe. Koili za kuwekwa kizazini kuzuia mimba tulikuwa nazo, sindano tulikuwa nazo, vidonge vilijaa kabatini. Fomu ya idhini iliuliza kama mama angependa njia ya kupanga uzazi baada ya kujifungua, na wengi waliacha mahali hapo wazi. Ukiwauliza kwa mdomo wanasema, "Nitafikiria, sista." Utafikiria saa ngapi na uchungu umeshaanza?

Basi likaja shirika moja na semina ya siku tatu. Mwalimu alikuwa mwanamke mpole mwenye miwani, na somo lake aliliita uchumi wa tabia. Alisema watu hawachagui kwa kupima faida na hasara kama tunavyodhani. Huchagua kilicho karibu, kilichotajwa kwanza, kile wanachoona wenzao wakichagua. Wanaogopa kupoteza kuliko wanavyopenda kupata. Na mara nyingi hawachagui kabisa, huacha mambo yakae jinsi walivyoyakuta. "Jiulizeni," alisema, "mgonjwa asipofanya lolote, hutokea nini? Hapo ndipo mnaweza kumsaidia."

Nilicheka kwa sababu mama mboga wa karibu na kwangu Buruburu hajahudhuria semina yoyote na somo hilo analijua. Nyanya nzuri huzipanga juu, zilizopondeka chini. Kabla hujafungua mdomo ameshakatia dania, yale majani ya kunukia, kwenye sukuma wiki, na ni nani atamwambia aitoe? Nimekula dania miaka mingi bila kuamua kula dania.

Tulibadilisha fomu. Swali lililoachwa wazi likaondoka, yakaja masanduku mawili, "Nimekubali" juu na "Nimekataa" chini, na koili ikatajwa kwanza. Haki ya yule mwalimu lazima niiseme: alisisitiza kwamba mama aongeleshwe kliniki, tumbo likiwa bado dogo, na kwamba kukataa kuwe rahisi sawa na kukubali. Niliandika hayo kwenye daftari langu. Daftari lenyewe bado ninalo.

Kilichofuata hakikutoka kwake. Kilitoka kwangu. Kila asubuhi karani alikuwa akiniletea rundo la fomu za siku hiyo, nami nikiwa na kikombe mkono wa kushoto nilianza kuzijaza yale yasiyobadilika: jina la hospitali, tarehe, sahihi yangu kama shahidi. Siku moja mkono ukaendelea. Nikatia tiki kwenye "Nimekubali," fomu moja, mbili, rundo zima. Nilijiambia kwamba asiyetaka atasema, nami nitafuta. Nilijiambia naokoa dakika, na dakika ni maisha pale mtoto anapotoka vibaya. Yote mawili yalikuwa na ukweli kidogo.

Idadi ya waliowekewa koili ilipanda upesi. Akina mama waliokuwa wakirudi kabla ya mwaka walipungua, na hilo nililiona kwa macho yangu, si kwa karatasi. Nilipewa cheti cha pongezi na chupa ya chai. Daktari mwenye hospitali alikitundika cheti ukutani hapo mapokezi, na kila nilipopita nilikitupia jicho kama mtu anayejiangalia kwenye kioo cha duka.

Miaka minne ikapita. Mwaka huu tukapanga siku ya kupima saratani ya mlango wa kizazi, na ujumbe wa simu niliutunga mimi, kwa elimu ileile. Niliandika kwamba wenzako wengi wa mtaani wameshapimwa, na kwamba nafasi yako imewekwa Jumatano, usiipoteze. Jumatano benchi lilijaa hadi ngazini. Nilifurahi sana.

Mama wa kumi na moja au kumi na mbili alikuwa fundi wa kushona sare za shule, anaishi mtaa wa Pipeline. Nyuzi za kijani zilikuwa zimemng'ang'ania kwenye sweta. Mimi sikumkumbuka, yeye alinikumbuka.

"Sista, si wewe ndiye ulinizalisha kijana yangu? Ulinifokea mbaya siku hiyo."

"Ulikuwa unanivuta nguo?"

"Nilikuwa nimeshika kichwa yako." Akacheka, akapanda kitandani.

Kipimo chenyewe ni rahisi. Unaweka kile chombo cha chuma cha kufungulia njia, unapaka siki kwa pamba kwenye mlango wa kizazi, unangoja dakika moja kuona kama kuna mahali patakapogeuka peupe, dalili ya ugonjwa. Kwa ajili ya dakika hiyo tumetundika saa kubwa ukutani mbele ya kitanda, na chumba kizima kinanuka kama kachumbari. Nilipaka siki, nikaanza kungoja, na kwa sababu mtu hawezi kulala hivyo akanyamaza, akaanza kuongea.

Alisema ana watoto wawili, msichana kisha mvulana, na wa tatu amekataa kuja. Miaka mitatu wamejaribu. Amekunywa dawa za miti, ameombewa, duka la dawa limempa vidonge. Hedhi imekuwa nzito, akaambiwa labda ni uvimbe, na skani ameiahirisha kwa kuogopa kusikia. "Mzee yangu haniwekei presha," alisema, yaani mumewe. "Anasema wawili wanatosha. Kwao wameshazaliwa wote."

Nilielewa mara moja, kwa sababu mimi ni wa kwao. Kwetu Wakikuyu msichana wa kwanza huitwa jina la mama yake baba, na mvulana wa kwanza jina la baba yake baba. Upande wa mama hungoja. Ni mtoto wa pili wa kike na wa pili wa kiume ndio huwaleta wazazi wa mama, na hatusemi wamepewa jina, tunasema wamezaliwa. Mimi ni binti wa pili. Nyanya yangu mzaa mama aliniita "mimi" hadi alipokufa, na kiazi kizuri kuliko vyote kilikuwa changu.

"Ni baba yangu sasa," aliendelea. "Nimebaki peke yangu, ndugu yangu alikufa bila mtoto. Kila nikienda nyumbani mzee ananiuliza, mimi nitazaliwa lini? Zamani alikuwa anauliza akicheka. Siku hizi macho yanampotea, hachekangi. Nina miaka thelathini na tisa, sista. Nataka amuone akiwa bado anaona."

Nilikuwa nimeinama na taa. Pamba ya siki ilikuwa imefuta ute, na pale katikati ya mlango wa kizazi zilikuwa zimechungulia nyuzi mbili nyembamba. Nyuzi za koili.

Niliiangalia saa ikimaliza dakika, ngozi ilikuwa nzuri, hakuna weupe. Nilimwuliza, kwa sauti niliyojitahidi iwe ya kawaida, kama amewahi kuwekewa njia yoyote ya kupanga uzazi.

"Hapana. Sijawahi. Naogopa hizo vitu."

"Umezaa hapa tu?"

"Wa kwanza nilizaa nyumbani kwa mama. Kijana ndiye wa hapa, mikono yako. Kwani umeona nini?"

Koleo lilikuwa kwenye sinia, sentimita ishirini kutoka mkononi mwangu. Nyuzi zinashikwa, zinavutwa, mama anakohoa, imetoka. Angehisi mbano kidogo. Nilitoa kile chombo, nikamfunika, nikamwambia saratani hana, asubiri kidogo naenda kutazama faili lake.

Faili lilikuwa stoo, kwenye boksi la mwaka ule. Fomu ilikuwa ndani. Tarehe ilikuwa mwandiko wangu, na jina la hospitali mwandiko wangu. Tiki ilikuwa yangu, kwa wino mweusi, na mkia wake uliopinda kama ninavyopinda mkia wa tiki tangu darasa la kwanza. Sahihi yake ilikuwa ya buluu, imeteremka hadi nje ya mstari, sahihi ya mtu aliyekuwa akiumwa. Nyuma ya kadi ya kliniki kulikuwa na herufi sita, kifupi cha koili ya baada ya kujifungua, ambazo sisi wauguzi tu ndio tunaozisoma. Hizo ndizo zilizokuwa taarifa yake. Koili huwekwa mara tu kondo la nyuma likishatoka, na mama hudhani ni sehemu ya kuzalishwa.

Daktari alinikuta hapo stoo nimesimama na karatasi. Ni mzee wa watu, amewahi kuwatibu wengi mtaa huu bila kuwadai chochote. Nilimweleza. Alivua miwani, akaifuta kwa koti.

"Amejua?"

"Bado."

"Basi sista, hii ni kitu ya sekunde mbili. Vuta, mwambie kulikuwa na uchafu kidogo umesafisha. Atashika mimba. Atakuletea kuku hapa."

"Na nisipomwambia—"

"Na ukimwambia? Hawa wote wako kwa benchi watasikia. Kesho itakuwa Mowlem yote, hospitali inaweka watu koili kwa siri. Nani atakuja kupimwa tena? Wewe unaujua huo ugonjwa. Hesabu wale watakufa kwa kuogopa kuja." Aliongea polepole, bila vitisho. "Na leseni yako. Sijasema yangu."

Hapo ndipo ningependa kuandika kwamba nilikasirika. Sikukasirika. Niliogopa, na maneno yake yaliniingia kama maji. Kila alichosema kilikuwa na hoja. Mama angeondoka mzima, baba yake angezaliwa, akina mama wangeendelea kupimwa, mimi ningeendelea na kazi. Hakuna ambaye angeumia. Nilijaribu kumtafuta wa kuumia nikamkosa, na kwa dakika kadhaa pale kati ya maboksi nilikuwa nimekubali.

Kilichonizuia ni kitu kidogo. Nilipowaza jinsi nitakavyolishika lile koleo, nikaona kwamba mara ya kwanza niliingiza bila kumwuliza, na sasa nataka kutoa bila kumwuliza, na mara zote mbili nina sababu nzuri. Mwili ule ulikuwa wake, na mimi nilikuwa naingia na kutoka kama mwenye nyumba. Nilijisikia vibaya.

Lakini kujisikia vibaya hakutoshi, semina ilinifundisha hivyo. Mtu hufanya lililo rahisi, na mimi ni mtu. Kutoka stoo hadi chumba kile ni hatua kama thelathini, na nilijua kufikia hatua ya kumi na tano nitakuwa nimeshapata maneno laini. Kwa hiyo nilipitia mezani, nikafungua rejista ya siku, nikaandika kwa wino kwenye mstari wake: "Ana koili. Iliwekwa hapa, baada ya kujifungua, bila mama kuulizwa. Tiki niliiweka mimi." Nikatia sahihi. Rejista yetu ina kurasa zenye namba na haifutwi. Sasa kusema uongo kungetaka kazi, na mimi ni mvivu wa kazi ya namna hiyo. Daktari aliisoma akiwa nyuma ya bega langu. Alirudi ofisini kwake akafunga mlango.

Mama alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, miguu inaning'inia, ameshavaa sweta. Uso wake ulikuwa umejiandaa kwa saratani. Nilimwambia tena kwamba hana saratani. Kisha nikamwambia ana koili, imekuwa ndani tangu siku alipomzaa kijana wake, na ndiyo sababu hajashika mimba. Sikukaa chini, niliogopa nikikaa nitaanza kujitetea.

"Nani aliweka?"

"Mimi."

"Niliambia uweke?"

Nikampa fomu. Aliisoma kama anavyosoma fundi kitambaa, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akapitisha kidole juu ya sahihi yake, kisha juu ya ile tiki.

"Hii ya buluu ni yangu. Hii nyeusi si yangu."

"Ni yangu."

"Uliiweka saa ngapi?"

"Asubuhi. Kabla hujafika. Nilikuwa naziweka kwenye fomu zote."

"Kabla sijafika," alirudia. Halafu akauliza, "Tuko wangapi?"

Nikamwambia sijui. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiyashusha yale maboksi moja moja na kupiga simu. Wengi wananiambia walijua, walitaka, wanashukuru, na nikimaliza kuongea nao napumua. Wachache wananiuliza koili gani. Fomu zetu sasa zina masanduku matupu, na cheti nimekishusha. Idadi imeshuka, na wapo waliorudi kabla ya mwaka, na hasira zangu nikiwaona ni zilezile.

Siku ile nilidhani atalia, au atapiga kelele benchi lisikie, na angefanya hivyo ningesema ana haki. Alikunja fomu mara mbili, akaiweka chini ya paja kama kitu chake.

"Wewe ni wa kwetu," alisema. "Nimesikia ukisalimia yule mama hapo nje. Uliona niko na msichana na sasa nimepata kijana, ukasema huyu amemaliza. Hukuhesabu hawa wamezaliwa ni kina nani?"

Hilo liliniuma kuliko leseni. Nyanya yangu ningemweleza nini?

"Sikuhesabu," nikamwambia. "Nisamehe."

"Hiyo tutaongea siku ingine." Alipangusa macho kwa mkono wa sweta, mara moja. "Sasa niulize."

"Nikuulize nini?"

"Ile kitu hukuniuliza. Niulize vile ungeniuliza siku ile."

Nikianza na kutoa, nimemsukuma huku. Nikianza na kuacha, nimemsukuma kule. Nikisema "wenzako," nimemleta jirani chumbani. Miaka minne nilikuwa stadi wa kupanga maneno ili mtu aelekee ninapotaka, na sasa kila neno nililolishika lilikuwa na alama za vidole vyangu. Yeye alikuwa hanitazami mimi, alikuwa anatazama ukutani.

"Koili inaweza kukaa," nikasema mwishowe, "na inaweza kutoka. Wewe unataka nini?"

Alingoja kidogo. Sidhani alikuwa na shaka. Nadhani alitaka tu nimngoje.

"Nataka itoke. Nataka nimzae baba yangu."

Nikavaa glavu mpya. Alilala, akakohoa nilipomwambia akohoe, ikatoka bila taabu. Akaomba kuiona. Niliinua ile sinia: kijiti cheupe cha plastiki kama herufi T, waya wa shaba umezunguka, kifupi kuliko kidole changu cha mwisho, na nyuzi zake mbili. Aliitazama, kisha akainyooshea kidole saa ya ukutani, ile ya siki.

"Nilikuwa naangalia hiyo," alisema. "Tangu uanze kuniuliza mpaka nikajibu. Haikufika dakika moja."

Niliitazama saa na mimi. Nikamwambia ni kweli, haikufika.